Mzio si upungufu wa kinga: tuzijue seli masti

Moja ya maneno yanayosikika sana majumbani mwetu ni hili: "Kinga yake imeshuka." Mtoto akitoka mabaka baada ya kula kamba wa baharini, kinga imeshuka. Akipiga chafya mfululizo kila alfajiri, kinga imeshuka. Bibi harusi akivimba mikono siku mbili baada ya kupakwa piko, naye huambiwa kinga yake ni ndogo. Baada ya hapo hufuata safari ya kununua chupa ya dawa ya "kupandisha kinga", ambayo mara nyingi bei yake ni kubwa kuliko dawa ya hospitali.

Safu ya leo inasema wazi kwamba maneno hayo si sahihi, na kwamba yana madhara. Mwenye mzio, au aleji kama wengi tunavyoita, hana kinga pungufu. Kinga yake inafanya kazi kwa nguvu kubwa mahali pasipohitaji nguvu hiyo. Anachohitaji si kuongezewa nguvu bali kusaidiwa kurudi kwenye kiasi.

Madhara ya kwanza ya maneno hayo ni ya kijamii. Kila mtu anajua mitaani neno "kinga imeshuka" lina maana gani. Ni neno la kumnong'ona mtu kwamba ana UKIMWI. Mama mwenye ukurutu mikononi anaogopa kutoa mkono kwa wenzake, na mtoto mwenye vipele anatengwa darasani. Hali ya VVU hujulikana kwa kipimo, haijulikani kwa macho ya jirani. Madhara ya pili ni ya kitabibu, maana tukikosea kujua tatizo ni nini, tutakosea dawa pia. Ili tuelewane, hebu tuzitazame seli ambazo ndizo kiini cha habari hii. Wataalamu huziita seli masti.

Seli masti ni nini?

Mwaka 1878 kijana wa Kijerumani aitwaye Paul Ehrlich, akiwa na umri wa miaka 24, aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu rangi zinavyoshika kwenye sehemu mbalimbali za mwili zikitazamwa kwa darubini. Aliona seli fulani zimejaa punje ndogondogo hadi pomoni. Akadhani zimelishwa vizuri zikanenepa, akazipa jina linalotokana na neno la Kijerumani la kunenepesha mifugo. Ndiyo asili ya jina masti. Dhana yake ya kunenepa haikuwa sahihi, lakini jina likabaki. Ehrlich baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga.

Seli hizi asili yake ni uboho wa mifupa. Hupita kwenye damu zikiwa bado changa, kisha huenda kukaa na kukomalia mahali maalumu. Mahali penyewe ni chini ya ngozi, kwenye utando wa pua na njia ya hewa, kwenye utumbo, na kandokando ya mishipa ya damu na ya fahamu. Ukitazama utaona kwamba sehemu kubwa ya hizo ni milango ya mwili, yaani pale ambapo mwili unakutana na vumbi, chakula, wadudu na vijidudu. Kwa hiyo seli masti ni askari wa getini.

Askari huyu amebeba nini? Zile punje alizoziona Ehrlich ni vifuko vyenye histamini, heparini, vimeng'enya vya kukata protini, na kemikali nyingine za kuwaita wenzake. Ilichukua miaka 75 kujua jambo hilo. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Dundee, Scotland, James Riley na Geoffrey West, ndio walioonyesha kwamba histamini ya mwilini imehifadhiwa ndani ya seli masti. Histamini ikimwagwa, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvujisha maji, na hapo ngozi huvimba. Mishipa ya fahamu huchokozwa, na hapo mtu huwashwa. Misuli ya njia ya hewa hubana, na hapo kifua hutoa mluzi.

Lile donge linalowasha baada ya kuumwa na mbu ni kazi ya seli masti kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo kila mmoja wetu anazijua, ila hakujua jina lake tu.

Kwa nini mara ya kwanza hakikutokea kitu?

Watu wengi hukataa kwamba chakula fulani kinawadhuru kwa hoja moja: "Nimekula samaki huyu miaka yote, leo ndiyo aniletee mzio?" Jibu ni ndiyo, inawezekana, na sababu yake inajulikana.

Mtu anapokutana na kitu mara ya kwanza, mwili wake unaweza kukitengenezea kingamwili za aina ya IgE. Aina hii iligunduliwa na makundi mawili ya watafiti katika miaka ya 1966 na 1967, moja likiwa Marekani na jingine Sweden, na mwaka 1968 ikapewa rasmi jina hilo. Kingamwili hizi hujipachika juu ya seli masti na kukaa hapo kama bunduki iliyojazwa risasi. Mtu hahisi lolote. Siku kitu kile kikirudi, kinagusa kingamwili zile, na seli masti inamwaga vifuko vyake ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mtu anaweza kudungwa penisilini mara kadhaa bila shida, kisha sindano moja ikamwangusha.

Jambo hili lilipogunduliwa liliwashangaza wanasayansi wenyewe. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakijaribu kuwajengea mbwa kinga dhidi ya sumu ya viumbe wa baharini. Walitarajia kwamba mbwa aliyepewa kiasi kidogo mara ya kwanza ataweza kuhimili mara ya pili. Mambo yakawa kinyume. Mbwa waliokuwa wazima kabisa, walipopewa tena kiasi kidogo baada ya wiki kadhaa, walishindwa kupumua na kufa ndani ya muda mfupi. Richet akaiita hali hiyo anafilaksisi, kwa maana ya kinyume cha kujilinda. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Tafakari hapo, ndugu msomaji. Mbwa wale hawakufa kwa kukosa kinga. Walikufa kwa sababu ya kinga. Hiyo peke yake ingetosha kumnyamazisha anayeuza chupa ya kupandisha kinga kwa mwenye mzio.

Askari huyu si adui

Baada ya kusikia hayo mtu anaweza kusema: basi zitafutwe dawa za kuziua seli hizi kabisa. Hapana. Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bila hekima, na watafiti nao wamezidi kuona kazi zake moja baada ya nyingine.

Mwaka 1996 tafiti mbili zilizochapishwa pamoja zilionyesha kwamba panya wasio na seli masti walishindwa kukabiliana na bakteria waliowashambulia, wakafa kwa wingi, wakati panya waliorudishiwa seli hizo walijitetea vizuri zaidi. Kazi ya seli masti hapo ni kupiga king'ora. Humwaga kemikali iitwayo TNF, na chembechembe nyeupe za damu zinakimbilia mahali penye uvamizi.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, chini ya Stephen Galli, walionyesha jambo jingine. Panya wenye seli masti walihimili sumu ya nyoka na ya nyuki vizuri kuliko wasio nazo, kwa sababu vimeng'enya vilivyomo kwenye vile vifuko hukatakata sumu na kuipunguzia makali. Vilevile seli hizi hushiriki katika kutoa minyoo tumboni, kwa kuongeza ute na kuuchezesha utumbo.

Kwa hiyo kuwasha, kuvimba, kupiga chafya, kukohoa na kuharisha, yote hayo ni njia za mwili kukitoa kitu nje. Tatizo huanza pale njia hizo zinapotumika dhidi ya kipande cha samaki au chavua ya maua.

Askari anayewasha na kuzima

Hapa ndipo penye habari ambayo haijafika majumbani. Kwa muda mrefu seli masti zilijulikana kama seli za kuwasha moto tu. Miaka ya karibuni imeonekana kwamba zinaweza pia kushiriki katika kuuzima.

Mwaka huohuo wa 2006 watafiti nchini Marekani waliripoti kwamba panya waliofundishwa kuipokea ngozi ya panya mwingine bila kuikataa hawakuweza kuendelea kuipokea kama hawana seli masti. Maana yake ni kwamba seli hizi zilikuwa zikisaidiana na chembechembe za damu zenye kazi ya kutuliza. Mwaka 2007 timu ya Galli ikaonyesha kwamba katika ugonjwa wa ngozi unaotokana na kugusa mmea wenye kemikali kali, seli masti za panya zilitoa kemikali ya kutuliza iitwayo interleukini-10, na panya wasio na seli hizo walipata vidonda vibaya zaidi.

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani, wakitumia panya wa aina nyingine na kemikali nyingine, waliona kinyume, kwamba seli masti zilizidisha mzio wa kugusa. Wanasayansi bado wanajadiliana. Wengi wanaona kwamba seli hizi hufanya kazi tofauti kutegemea mahali zilipo, kitu kilichozigusa, na muda uliopita tangu ugomvi uanze.

Sisi watu wa kawaida tunapata somo gani hapo? Kwamba kinga si bomba la maji unaloweza kusema "lifungue zaidi". Ni mizani. Seli ileile inayokuokoa na sumu ya nyuki inaweza kukubana pumzi, na ileile inayokuwasha inaweza kushiriki katika kukutuliza. Mtu anayekuuzia unga wa "kuongeza kinga" anakuongezea upande gani wa mizani? Muulize. Hatakuwa na jibu.

Makosa tunayofanya nyumbani

La kwanza ni piko. Hina halisi ni majani yaliyosagwa, na rangi yake ni ya kahawia au nyekundu. Piko nyeusi ni jambo jingine. Mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo hupakwa moja kwa moja kwenye ngozi ili ikolee haraka. Sheria za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kemikali hiyo kwenye rangi za nywele kwa kiwango maalumu, si kwa kuchora maua mwilini. Mzio wake hauji papo hapo kama wa nyuki. Huendeshwa na chembechembe nyingine za damu ziitwazo seli T, na huchukua siku kadhaa. Ngozi huvimba kwa kufuata maua yaleyale yaliyochorwa, hutoa malengelenge, na inaweza kubaki na kovu. Aliyeupata mara moja huenda akawa nao maisha yake yote, na siku akipaka rangi ya nywele uso mzima unaweza kuvimba.

Hapa maoni yangu hayana kigugumizi. Piko isipakwe watoto kabisa, iwe Idi au harusi. Dada zetu wenye saluni wanaotaka riziki ya halali wamwambie mteja ukweli kabla ya kuanza kumchora. Uzuri wa hina yenyewe unatosha.

La pili ni krimu. Mtu akiwashwa hununua dukani krimu yoyote yenye steroidi, kwa sababu inatuliza haraka. Krimu hizo ni dawa nzuri zikitumika kwa maelekezo, kwa muda na kwa sehemu maalumu. Lakini zikipakwa kila siku kwa miezi, tena nyingine zikitumika kujichubua, ngozi inakuwa nyembamba, inachanika na kushambuliwa na fangasi. Huko nako ni kuvunja mizani, ila kwa upande wa pili.

La tatu ni kumpa antibiotiki mtoto anayepiga chafya kwa mzio. Antibiotiki zinaua bakteria, hazina kazi kwa histamini. Aidha, baadhi yake, kama za kundi la penisilini, zenyewe ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio mkali.

La nne ni udi na ubani. Kufukiza ni desturi yetu njema, na hakuna anayetaka kuiondoa. Lakini moshi ni moshi. Utafiti juu ya watoto wa Oman, nchi ambayo kufukiza ni sehemu ya maisha, uliochapishwa mwaka 2009, haukuona kwamba ubani ndio unaoleta pumu, ila ulionyesha kwamba kwa mtoto ambaye tayari ana pumu moshi huo ni moja ya vichocheo vya kawaida vya kubanwa kifua. Basi nyumba yenye mgonjwa wa pumu ifukize nguo nje, madirisha yafunguliwe, na mgonjwa asiwe chumbani wakati huo.

La tano ni la mwezi wa Ramadhani. Wapo wenye pumu wanaoacha pampu zao mchana kwa hofu ya kufungua. Wanachuoni wana kauli zaidi ya moja kuhusu pampu, na kila mtu amuulize sheikh wake na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, kwani dawa nyingi za kuzuia pumu zinaweza kupangwa daku na futari. Lakini ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine haina ubishi. Mtu asiyeweza kupumua hasubiri adhana ya magharibi.

La sita ni kuchanganya kinga na tiba. Habbat sauda ina heshima yake kwetu, na atumiaye nyumbani hakatazwi. Ila si habbat sauda, si asali, wala si maji ya ndimu yatakayofungua koo lililovimba. Wakati wa dharura, kila dakika inayopotea katika kutafuta kijiko ni dakika ya roho ya mtu.

Usafi unaleta mzio?

Msomaji wa safu hii anaweza kuuliza swali zuri: tunasikia kwamba watoto wanaolelewa katika usafi mwingi ndio wanaopata mzio, je, tuwaache wachafuke?

Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 1989, pale mtafiti wa Uingereza David Strachan alipoona kwamba watoto wenye ndugu wengi wakubwa walipata mafua ya mzio kwa uchache. Mwaka 2000 ukachapishwa utafiti wa watoto wa shule 520 wa Gabon. Wale wenye kichocho ngozi zao ziliitikia kwa uchache utitiri wa vumbi la nyumbani, na damu yao ilikuwa na interleukini-10 zaidi, ileile kemikali ya kutuliza tuliyoitaja. Yaani mdudu anatuliza kinga ya mwenyeji wake ili apate kuishi.

Lakini anayetumia habari hiyo kuacha kunywesha watoto dawa ya minyoo anakosea sana. Kichocho kinaharibu kibofu na ini, minyoo inaleta upungufu wa damu, na kipindupindu kinaua ndani ya saa chache. Uchafu si dawa. Funzo lililopo ni dogo na jepesi: usafi wa sabuni ya kawaida na maji unatosha. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliziondoa sokoni sabuni za kunawia zenye triklosani na kemikali nyingine 18, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinazidi sabuni ya kawaida au ni salama kwa matumizi ya muda mrefu. Anayetawadha mara tano kwa siku kwa maji safi na kunawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo hahitaji kumwosha mtoto kila jioni kwa dawa ya kuulia vijidudu. Kwa mwenye ukurutu, dawa hizo zinamkausha ngozi na kuzidisha tatizo.

Tena kinga inafundishika. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa London uliohusisha watoto wachanga 640, wa miezi minne hadi kumi na moja, wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Waliokatazwa karanga kabisa, asilimia 17.2 walikuwa na mzio wa karanga walipofikia miaka mitano. Waliolishwa karanga laini mapema, ni asilimia 3.2 tu. Hata hivyo watoto hao walipimwa kwanza, na karanga nzima haimfai mtoto mchanga kwani itampalia. Hawakupandishwa kinga. Walifundishwa kutofautisha chakula na adui.

Dalili za hatari

Mzio mwingi haumalizi roho. Mabaka yanayowasha na mafua ya mzio hutulizwa na dawa za kuzuia histamini kama Piriton au setirizini, na kwa kukiepuka kichocheo. Piriton inaleta usingizi, hivyo dereva na mwenye kuendesha pikipiki achukue tahadhari.

Lakini zijue dalili hizi. Baada ya kula, kuumwa na nyuki au kudungwa sindano, mtu akaanza kubanwa pumzi, sauti ikakwaruza, ulimi au koo likavimba, akatapika mfululizo, akaona kizunguzungu au akazirai, hiyo ni anafilaksisi. Seli masti zimemwaga histamini mwili mzima. Mlaze chali na umwinue miguu. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mkalishe akiwa amenyoosha miguu. Anayetapika au aliyezirai alazwe ubavu. Asisimame wala kutembezwa. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu mara moja.

Dawa yake ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja. Piriton haitoshi, na sindano za steroidi huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Akipata nafuu asikimbilie nyumbani, kwani seli masti zikishamwaga vifuko huendelea kutengeneza kemikali nyingine kwa saa kadhaa, na hali inaweza kurudi.

Adrenalini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sindano za kujidunga mwenyewe zinazotumika nchi tajiri ni ghali na ni adimu kwetu, lakini ampuli ya kawaida haina gharama kubwa. Kwa hiyo ninaona ni haki ya kila mzazi kuuliza katika zahanati ya mtaani kwake, ikiwemo zile zinazoendeshwa na taasisi zetu: Je, adrenalini ipo leo? Nani ana funguo ya kabati usiku? Mtoa huduma anajua kiasi cha mtoto na cha mtu mzima? Zahanati inayodunga penisilini bila kuwa na adrenalini jirani inacheza na roho za watu.

Nasi majumbani tufanye sehemu yetu. Mtoto mwenye mzio mkali aandikiwe kwenye karatasi jina la kitu kinachomdhuru, na walimu wa shule na ustadhi wa madrasa wapewe nakala. Mpishi wa shughuli akiulizwa kama kuna karanga ndani ya mchuzi ajibu ukweli na asione ni dharau. Na lile neno "kinga imeshuka" tuliache kwa mwenye mzio. Tuseme kwa usahihi: kinga yake imekosea adui. Fedha iliyokuwa iende kwenye chupa ya kupandisha kinga iende kwa daktari atakayetafuta kichocheo ni nini.

Tunamuomba Mola atupe afya na utambuzi wa kuitunza amana ya miili yetu. Wabillahi tawfiq.